Kikombe cha Bati na Shimo Lisilojaa

Juzi mmoja wenu, simtaji kwa sababu mama yake ni rafiki yangu na ataniletea maneno, alisimama mlangoni mwa chumba cha kupikia maziwa na kikombe cha bati mkononi, akanung'unika: "Kila siku kushuka kilima sababu ya kunywa maji tu? Maji si iko hapa mu robine, mu bomba?" Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nimeketi nje kwenye kiti changu cha uzeeni, ambacho ni bidoni, dumu la maziwa lililopinduliwa, nikajifanya sikusikia. Nilisikia. Masikio ndiyo kitu pekee ambacho moshi wa kuni haukuniharibia.

Basi nimemwomba binti yangu karatasi, nawaandikia. Mtasoma wakati maziwa yanaganda, maana najua saa hiyo hamna kazi nyingine isipokuwa kupiga domo na kutazama simu. Nitawaambia kikombe kile kilitoka wapi, na nitawaambia pia mambo mengine yatakayonijia njiani, kwa kuwa mimi sijui kusimulia kwa mstari ulionyooka. Mkichoka, kageuzeni fromaji kwenye rafu, kisha mrudi.

Kwanza mjue kwamba mimi si mtu wa ng'ombe. Nimezaliwa Walikale, katikati ya msitu, kwa watu wanaolima mihogo na kutega mitego. Kwetu maziwa yalikuwa ya mama na mtoto mchanga, basi. Nilipofika hapa Karuba nilikuwa nimekimbia vita, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na nguo zetu zilikuwa zile tulizovaa. Papa Anselme, mwenye fromajeri hii, nyumba hii ya kupikia fromaji, alikuwa mkulima wa ukoo wa zamani wa vilima hivi, shemasi kanisani, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua likiwaka. Nilimwomba kazi yoyote. Mke wake, akiona njaa usoni mwangu, akanikatia kipande kikubwa cha fromaji, jibini kama mnavyosoma vitabuni.

Sikuwahi kuonja kitu cha namna ile. Nilikitia mdomoni, nikakisukuma shavuni, nikasema aksanti kwa upande mmoja wa mdomo, nikaenda nyuma ya nyumba kukitema. Mbwa akakimeza. Nilipogeuka, Papa Anselme alikuwa amesimama pale, kuni mkononi.

"Mama," akasema, "hata imbwa yangu inajua kitu ya muzuri. Wewe utajifunza."

Alicheka mpaka kuni zikamwanguka. Kesho yake nikaanza kazi ya kuosha vitambaa na kalibu za kukamulia. Sikuulizwa kabila, sikuulizwa nimesoma wapi. Mpaka leo, nikikumbuka asubuhi ile, ninashukuru tena kama vile ni jana.

Mnajua kupima joto la maziwa kwa kile kijiti chenu chenye namba nyekundu. Vizuri, kitumieni. Sisi tulipima kwa kiwiko, na Papa Anselme alinikataza kutumia kiganja. "Mukono ya muntu wa jembe ni mwongo," alikuwa akisema. Na dawa ya kugandisha haikuwa unga wa ndani ya kopo. Tulikausha tumbo la ndama juu ya moshi, tukalilowesha kwenye maji ya chumvi, na kila tumbo lilikuwa na nguvu zake, ukizidisha unapata fromaji chungu. Niliharibu nyingi. Kuna wiki nilichukua maziwa ya mtu mmoja mvivu ambaye haoshi viwele vya ng'ombe wake, na mimi kwa haraka sikuyanusa. Fromaji zikavimba rafuni, zikawa za mviringo kabisa, watoto wa Karuba wakazicheza mpira. Papa Anselme aliwaacha wacheze. Kisha akaniita, akanikabidhi bidoni za maziwa zote za asubuhi iliyofuata, akasema kuanzia leo pua ya fromajeri ni yangu.

Jambo moja kijiti chenu hakitawafundisha: ingiza kidole kwenye maziwa yaliyoganda, kikunje, kiinue polepole. Ufa ukitoka msafi na maji yake yakawa ya kijani kidogo, kata. Yakiwa meupe, ngoja. Mwenye haraka anapoteza mafuta yote ndani ya maji.

Na hayo maji ndiyo yaliyotupeleka mahakamani.

Mnajua ukipika fromaji, sehemu kubwa ya maziwa haigeuki fromaji. Inabaki maji. Zamani maji hayo hayakuuzwa. Hiyo ilikuwa desturi ya fromajeri zote za upande huu: maji ya fromaji ni ya jirani. Kila asubuhi akina mama walipanga mstari na bidoni zao, wakachukua kulisha nguruwe, na jioni unapata mchicha, ao viazi, ao salamu tu. Kisha ukaja ugonjwa wa nguruwe. Mabanda yakabaki matupu kutoka Karuba mpaka Mushaki, na mstari wa bidoni ukakatika. Papa Anselme akasema maji hayafai kumwagwa mtoni, tuchimbe shimo. Tukachimba nyuma ya nyumba, chini ya miti ya mikaratusi, refu kumzidi mtu.

Lile shimo, watoto wangu! Lilikuwa fahari yetu. Tulimimina asubuhi, tukamimina mchana, na kesho yake ukichungulia liko tupu. Wenye fromajeri wengine, walikuwa wanne kandokando ya bonde letu, walichimba mashimo yao yakajaa, yakanuka, ikabidi wapeleke maji kwenye malisho kwa mikokoteni. Sisi tuliwatania. Nilisema kwa mdomo wangu sokoni, mbele ya watu, kwamba shimo la Papa Anselme limebarikiwa. Hakuna aliyejiuliza baraka hiyo inaenda wapi.

Chini ya kilima, pale mnaposhuka na kikombe, alikuwa anaishi Papa Lukoba. Bado yuko. Naye ni mtu wa Walikale, alikimbia kama mimi, lakini yeye alijua mambo ya maji. Alichimba mabwawa mawili ya samaki kandokando ya chemchemi, akayafanya kwa jembe na mikono. Tulikuwa tunasalimiana kwa Kinyanga, lugha ya kwetu, siku za soko, ananiita dada, basi. Kazi zetu hazikukutana.

Kiangazi kimoja samaki wake wakaanza kupanda juu ya maji, midomo wazi, wanatafuta hewa. Mawe ya chemchemi yakavaa utelezi mweupe. Kisha samaki wakafa, wote, wakubwa na wadogo. Papa Lukoba akaenda kueleza kwenye ofisi moja ya mazingira, akasema tu: maji yangu yanaumwa, njooni muone. Wakaja mpaka bwawani, wakachota maji kwenye chupa, wakauliza huko juu kuna nini. Akasema kuna watu wa fromaji. Wakarudi mjini. Hawakupanda kilima.

Baada ya muda tukaletewa amri. Fromajeri zote tano zilipe fidia ya mto, sawasawa, na zikishindwa vyombo vyake vikamatwe. Sitawatajia kiasi. Kilikuwa kinazidi thamani ya fromajeri yenyewe, na hiyo inatosha. Papa Anselme alisoma, akaenda kuketi karibu na sufuria kubwa ya shaba, ile ile mnayoisugua kwa uvivu, akaweka mkono juu yake. Baba yake ndiye aliyeinunua. Ingeondoka, wafugaji wa Karuba wangekosa pa kupeleka maziwa, na mimi ningerudi barabarani na wanangu. Sikulala vizuri siku zile. Nilikuwa nimechoka kukimbia, na safari hii hata bunduki haikuhitajika.

Wale watano walikutana hapa kwenye chumba cha chumvi, kila mmoja anapiga kelele kuliko mwenzake. Mmoja alitaka tukapige wale wa ofisi mawe. Papa Anselme akasema, "Hapana. Tutaenda ku tribinali. Hatukuulizwa hata neno moja. Muntu hahukumiwe hivyo." Wakamtafuta avoka, wakili wa kututetea. Aliitwa Metre Dezire, kijana mwenye miwani, suti moja, na kikohozi. Wengine walimdharau kwa sababu ya viatu vyake. Mimi naomba Mungu ambariki popote alipo, maana alipanda kilima hiki kwa miguu yake, kwenye matope, akaingia kila fromajeri, akauliza kila mtu, akaandika. Alikuwa mtu wa kwanza kutusikiliza tangu amri itoke.

"Kesi iko wazi," alituambia. "Waliwahukumu bila kuwasikiliza, na walichota maji ku fasi moja tu. Sheria haikubali."

Tukafurahi. Mke wa Papa Anselme akachinja jogoo.

Sasa sikilizeni hapa, acheni simu.

Siku chache kabla ya kufika mbele ya hakimu, Papa Lukoba alipanda kilima. Tulimwona kutoka mbali, anatembea polepole, amebeba kibidoni kidogo. Nikaogopa. Nilidhani anakuja kugombana, na nilijua wafanyakazi wenzangu wangetaka nichague upande. Lakini alinisalimia kwa lugha yetu, akanipa kile kibidoni. Kilikuwa na mawese, mawese mekundu ya Walikale yaliyoletwa na ndugu yake. Nilifungua kifuniko, harufu ikanirudisha jikoni kwa mama yangu. Nililia pale pale mbele ya watu, sioni aibu kuwaambia.

Kisha akamgeukia Papa Anselme. "Papa, mi sikukuja kwa maneno ya tribinali. Nilisikia muko na shimo yenye haijalaka. Naomba kuiona."

Papa Anselme angeweza kumfukuza. Wengi wangemfukuza. Alichukua fimbo yake, akampeleka. Papa Lukoba akachuchumaa ukingoni, akachungulia sana, akatia mkono, akanusa udongo. Chini palikuwa na mawe meusi, yale ya zamani ya volkano, yenye nyufa.

"Munamwangaka ngapi mu siku moja?"

"Yote," nikajibu mimi, na fahari yangu haikuwa imekwisha bado. "Na kesho unakuta iko tupu."

"Dada," akasema, "kama haijale, iko na mulango ingine."

Papa Anselme akauliza, "Tutajua namna gani?" Papa Lukoba akatazama kibidoni mkononi mwangu. Nikaelewa, nikakikumbatia. Jamani, yale yalikuwa mawese ya kwetu, ya kulamba kidole! Nilikuwa nimeshayapangia sombe, majani yangu ya mihogo ya Jumapili. "Weye," nilimwambia, "umenipa kwa mukono moja, unanyanganya kwa ingine?" Akacheka, lakini mkono wake ulibaki umenyooka. Nikampa. Tukachemsha maji ya fromaji, tukachanganya na mawese yote, tukayamimina shimoni yakiwa ya moto. Nyuma yake tukamwaga maji ya moto tena na tena. Nilimimina mimi mwenyewe, na kila tone liliniuma.

Asubuhi yake tulishuka watatu: Papa Anselme, Papa Lukoba na mimi. Njiani niliomba Mungu yasitokee. Niliomba kweli, nawaambia bila kupamba. Nilifikiria sufuria ya shaba, nilifikiria wanangu, nikasema Baba, yafanye mawese yale yaende kokote, lakini si pale.

Tulifika. Chemchemi inatoka chini ya jiwe, mnaijua. Juu ya maji palikuwa na macho mekundu, madogo madogo, yanazunguka, yanashikana, yanaelekea bwawani. Nilichovya kidole, nikaonja. Yalikuwa mawese.

Papa Anselme akavua kofia yake ya sufu. Ndiyo mara ya kwanza nilikiona kichwa chake, kilikuwa na upara mweupe kama wa mtoto. Papa Lukoba, mtu aliyepoteza samaki wote, akamshika bega, akamwambia, "Pole, Papa."

Kufika juu, Papa Anselme akaniambia nimpigie simu avoka. Metre Dezire akaja na moto, pikipiki ya kukodi, siku ile ile, akasikia yote, akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Papa Anselme," akasema, "kesi hii nitashinda. Hawakukusikiliza, tosha. Hakuna muntu atakuuliza juu ya shimo. Usiongeze kitu."

"Kesi yako ni ya muzuri, Metre. Uishindie wale wane, maji yao haitokake pale. Mimi nitasema yangu."

"Watakamata vyombo yako."

"Ninajua."

Mimi nilikuwa nasikiliza nikiwa na kitambaa mkononi, na nikashindwa kujizuia. Nikamwambia Papa Anselme, kwa sauti ambayo si ya mfanyakazi kwa mwenye kazi, "Papa, na sisi? Batoto yangu utabaambia nini?" Akaniangalia. Hakukasirika. "Mama Zawadi, wewe njo pua ya nyumba hii. Umeonja ile maji. Unataka nikaambie juge hukuonja?" Metre Dezire akavaa miwani yake, akakohoa, akasema kama ni hivyo basi tukae tupange namna ya kulisema vizuri. Wakakaa mpaka mvua ikapita. Ndiyo maana nawaambia kijana yule alikuwa mtu mwema: aliona ushindi wake unapunguzwa na mteja wake mwenyewe, na bado akatafuta njia.

Mahakamani tulikuwa wengi, wafugaji wamejaa mpaka nje. Avoka akaongea vizuri: amri imetoka bila kusikiliza watu, imetwika watu watano mzigo mmoja bila kujua nani amefanya nini. Mtu wa ofisi akajibu, naye hakuwa mtu mbaya, alisema mto lazima ulindwe, na hapo alisema kweli. Hakimu akauliza kama kuna mwenye neno. Papa Anselme akasimama, kofia mkononi.

"Papa Juge, hii amri ilitoka bila muntu kupanda kilima. Kama wangepanda, wangeona hawa wane hawana kosa. Na wangeona yangu." Akaeleza shimo, akaeleza mawese, bila kupunguza. Kwenye benchi letu mtu akasonya. Mke wake alifumba macho.

Hakimu akamwita Papa Lukoba. "Wewe njo ulipoteza samaki. Unaomba nini?"

Papa Lukoba alifikiri kwanza. "Mi sikuombaka feza. Niliomba bakuye kuona. Bakifunga fromajeri, maji yangu itapona, lakini hawa bantu bote batakula nini? Naomba basafishe na mikono yabo. Kisha bakunywe."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akamwambia aeleze.

"Kwetu, mwenye kuharibu maji anaisafishaka mwenyewe, hatumi muntu. Akimaliza, anakunywa mbele ya wenye maji. Kama anaweza kukunywa, maneno imeisha. Kama anaogopa kukunywa, haiyaisha."

Metre Dezire akasimama upesi, akaomba hakimu aweke maneno hayo kuwa mapatano ya pande mbili. Hakimu akawauliza wote, akamwuliza na mtu wa ofisi, aliyekubali kuja kupima maji safari hii juu na chini. Hukumu ilipotoka, amri ya fidia ilifutwa kwa wote watano, kwa sababu ile ya avoka. Na kwa Papa Anselme peke yake yakaandikwa mapatano: kuziba shimo, kusafisha chemchemi, kurudisha samaki. Vyombo vikabaki. Nje ya mlango wafugaji walimbeba Papa Anselme juu, mtu mfupi vile, anawapigia kelele wamshushe. Mimi nilimtafuta Papa Lukoba katikati ya watu, nikampigia magoti. Akaniinua kwa nguvu, akanigombeza kwa Kinyanga kwamba natia aibu kijiji chetu.

Kazi iliyofuata ndiyo mnayoiita leo "utaratibu", mkidhani ilitoka kwenye kitabu. Tuliziba shimo kwa udongo wa mfinyanzi. Maji ya fromaji tukaanza kuyachemsha mara ya pili, tukapata ile fromaji nyeupe laini ambayo nyinyi mnaipaka kwenye mkate. Yaliyobaki tukalisha ndama, na nguruwe waliporudi mstari wa bidoni ukarudi. Yanayozidi yanaenda malishoni, yanatandazwa kwa wembamba, kila siku mahali papya, kamwe si pale pale pa jana. Mkiona majani yanaungua, mmezidisha. Na chemchemi tulisugua. Papa Anselme alikunja suruali, akaingia, akasugua jiwe moja moja kwa majani makavu na mchanga, na sisi wote nyuma yake. Wale wanne aliowatetea walishuka pia, bila kuitwa, na aliyesonya mahakamani alikuwa mmoja wao. Mtu wa ofisi naye alipokuja kupima alivua viatu.

Ilichukua muda mrefu maji kupona. Siku yalipopona, Papa Lukoba aliandaa kikombe cha bati. Papa Anselme akachota, akanywa chote, akakipindua kuonyesha hakuna kilichobaki. Papa Lukoba akanywa baada yake. Nikanywa na mimi. Nilidhani imekwisha, nikachukua kikombe kukirudisha kwa mwenyewe. Papa Anselme akaninyang'anya.

"Hapana. Hii tunapanda nayo. Tulikunywa leo, na kesho je? Muntu atashuka kila asubuhi, mbele ya kuwasha moto. Akikuta maji iko muzuri, tupike. Akikuta ina uchachu, hakuna kupika."

Akakipigilia msumari karibu na mlango, pale kilipo. Yeye mwenyewe alishuka mpaka miguu ilipomkataa, kisha nikashuka mimi, mpaka yangu ikakataa. Tulimzika juu hapo, mnapajua, na kofia yake. Sijawahi kumlipa mtu yule, na sitaweza. Alinipa kazi nikiwa sina kitu, na tena akanionyesha namna ya kuishi na jirani wa chini ya kilima. Ninyi mkikunja kidole ndani ya maziwa, ni mkono wake mnaoufuata.

Wiki iliyopita nilimwomba mjukuu anipeleke kwa moto mpaka kwa Papa Lukoba. Haoni vizuri sasa, na masikio yamepungua. Tuliketi karibu na bwawa, tukala samaki na kipande cha fromaji niliyobeba. Nikamwuliza, kwa utani, kama samaki wake walirudi wote, kama mapatano yalivyosema.

"Hapana, dada. Hata nusu sijui kama walifika. Vita inakuya, tunakimbia, tunarudia, wengine bamekula."

Nikaona haya, nikamwambia basi bado tuna deni lake.

"Deni gani? Sikiliza. Kila mara tunarudia ku makimbilio, naketi hapa najiuliza kama niko peke yangu ku hii bonde. Kisha asubuhi nasikia nyayo, hata na hii masikio. Muntu wa kwanza kunifikia iko ule wa kikombe. Sijamukosaka." Akatafuna kidogo. "Samaki nilipoteza. Bantu nilipata."

Sasa wewe uliyenung'unika, nimeuliza, kesho ni zamu yako. Chukua kikombe, shuka, kunywa. Lakini usikimbie kurudi, maziwa yatakungoja. Papa Lukoba atakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Mjibu polepole na kwa sauti, masikio yake si kama yangu.